Jinsi ya kumshauri mtu akanufaika: mwongozo wa hatua kwa hatua

"Rafiki yangu kaniomba ushauri, nimwambie nini?" "Nimemshauri mdogo wangu vizuri kabisa, mbona kafanya kinyume?" "Mtu akianza kulia mbele yangu nimjibuje?" Maswali haya hayaishi kuja, na karibu kila anayeuliza anataka apewe maneno ya kwenda kusema. Mwongozo huu unaanzia nyuma kidogo, kwa sababu ushauri mwingi hauharibikii kwenye maneno. Huharibika mapema zaidi, pale mshauri anapojibu swali ambalo hakuulizwa. Anaweza kujibu kwa nia njema na kwa akili nyingi, na bado aliyemjia akaondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hapa chini ni kulitafuta swali. Ili tusizungumze hewani, tutafuata mfano mmoja. Rafiki yako anakujia na kusema: "Kaka yangu ameniomba nimdhamini mkopo wa benki. Nifanyeje?"

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

*Ombi.* Je, ameomba ushauri, au amekusimulia tu? Kama hakuomba, nenda kwanza kwenye sehemu ya kumshauri asiyekuomba, huko chini.

*Muda usiokatizwa.* Nusu saa inatosha kwa mambo mengi, mradi iwe nusu saa kweli, simu ikiwa kando. Kama huna, sema wazi: "Jambo lako ni kubwa na sasa hivi nina haraka. Nikupigie saa mbili usiku?" Kisha upige saa mbili.

*Faragha.* Mbele ya watu mtu hukupa nusu ya jambo, tena ile nusu isiyomwaibisha.

*Mpaka wa ujuzi wako.* Jiulize mapema kama jambo hili linahitaji daktari, mwanasheria, mhasibu, au mtu aliyelipitia mwenyewe. Kama ndivyo, kazi yako ni kumsaidia afike kwa huyo akiwa na maswali yaliyopangika. Usimpunguzie mtu dozi ya dawa, wala usimtafsirie mkataba kwa kubahatisha.

*Ukweli kuhusu maslahi yako.* Kama huyo kaka ana deni lako, au hamjapatana tangu zamani, ushauri wako umekwisha egemea upande. Litaje: "Ujue kaka yako nami namdai, kwa hiyo nisikilize ukilijua hilo." Kama huwezi kulitaja, usishauri.

Kwanza, mambo ambayo si ya ushauri

Mtu akikwambia hataki tena kuishi, au kuna mtoto anayeumizwa, weka mwongozo huu kando. Hapo panahitaji msaada wa haraka. Wengi huogopa kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua, wakidhani watamtia wazo hilo kichwani. Shirika la Afya Duniani linaeleza bayana kwamba kuuliza hakumsukumi mtu huko, na mara nyingi humpunguzia dhiki. Muulize kwa sauti ya kawaida, usimwache peke yake, viondoe karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Usimwahidi kwamba utaifanya siri.

Kwa anayepigwa na mwenza wake, usikimbilie kusema "ondoka leo." Siku za kuondoka na zinazofuata ndizo mara nyingi zenye hatari kubwa zaidi. Kwanza ijulikane anakwenda wapi, na nani anajua, na watoto wako wapi, na ikiwezekana awepo mtu mwenye uzoefu wa kesi hizo wa kupanga naye.

Hatua ya 1: Jua amekuja kutafuta nini

Anayesema "naomba ushauri" anaweza kuwa anataka mojawapo ya mambo haya: kutua mzigo wa moyoni, kufikiri kwa sauti mbele ya mtu, kupata taarifa asiyokuwa nayo, kusikia maoni yako, au kupata baraka kwa jambo ambalo amekwisha liamua. Njia rahisi ya kujua ni kuuliza:

"Unataka nikusikilize tu kwanza, au tufikirie pamoja la kufanya?"

Swali hilo moja litakuepusha na nusu ya makosa yote. Aliyekuja kutua mzigo ukimpa mpango wa utekelezaji ataona humjali. Na aliyekuja kutafuta taarifa ukimpa pole peke yake, umempotezea siku.

Hatua ya 2: Mwache amalize

Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya madaktari na wagonjwa huko Marekani. Madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani, na ni chini ya robo ya wagonjwa waliopata nafasi ya kumaliza maelezo yao ya mwanzo. Hao ni watu wanaolipwa kusikiliza. Sisi wengine tusijidanganye kwamba tunafanya vizuri zaidi.

Akinyamaza, nawe nyamaza. Hesabu pumzi chache kabla hujasema neno. Jambo zito mara nyingi hutoka baada ya kimya hicho, likitanguliwa na "halafu pia…" au "lakini shida yenyewe…"

Onyo: usidakie kwa kisa chako. "Hata mimi yaliwahi kunikuta, ngoja nikusimulie" huonekana kama huruma, lakini mara moja mazungumzo yamehama kwake yamekuja kwako. Kisa chako kina nafasi, ila nafasi yake ni hatua ya 7.

Hatua ya 3: Litafute swali lenyewe

Hapa usiwe na haraka. Tazama jinsi maneno yaleyale ya rafiki yetu yanavyoweza kubeba mambo tofauti kabisa.

— Amekuomba lini?
— Juzi. Anataka jibu kabla ya Ijumaa.
— Na ulipomsikia, kitu gani kilikujia kwanza?
— Nilijua siwezi. Nina ada za watoto.
— Kwa hiyo hutaki kusaini.
— Sitaki. Lakini yeye ndiye aliyenisomesha. Nitamtazamaje usoni?

Sasa swali limejitokeza. Hakuwa anauliza kama kudhamini ni hatari, hilo analijua. Anauliza atamkataliaje mtu aliyemlea bila kuvunja undugu. Mshauri ambaye angeanza kumfundisha hatari za mikopo angekuwa sahihi kwa kila neno, na asingemsaidia kwa lolote.

Mtu wa pili anaweza kuja na maneno hayohayo, na ukimuuliza ukagundua anadhani mdhamini ni shahidi tu, anaweka saini na kwenda zake. Huyu anahitaji taarifa, tena leo: mkopaji akishindwa kulipa, mdhamini anaweza kudaiwa deni hilo yeye mwenyewe. Mtu wa tatu amekwisha saini wiki iliyopita. Anasema "nifanyeje" ilhali anachouliza ni kama bado kuna njia ya kujilinda, na pengine kama wewe utamdharau.

Watu watatu, sentensi moja, maswali matatu. Ndiyo maana siamini ushauri unaotolewa kabla ya maswali matatu manne hivi kuulizwa, hata ukitoka kwa mtu mwenye busara inayojulikana.

Maswali yanayofungua:

- Ungependa jambo hili liishe vipi?
- Katika yote haya, kinachokutisha zaidi ni kipi?
- Nani mwingine litamgusa?
- Lazima liamuliwe lini, na ni nani aliyesema lazima iwe siku hiyo?
- Kusingekuwa na macho ya watu, ungefanya nini?

Swali la nne lina faida isiyotarajiwa. Haraka nyingi ni za kupangiwa na mtu mwingine, na mwenye jambo akishaligundua hilo hupata pumzi ya kufikiri.

Onyo: epuka kuuliza "kwa nini." "Kwa nini ulikubali?" humweka mtu kizimbani, ataanza kujitetea. "Ilikuwaje hadi ukakubali?" huleta habari ileile bila kumshitaki. Na usifiche ushauri ndani ya swali. "Huoni kwamba ungemkatalia tu?" si swali, na anayelisikia analijua hilo.

Hatua ya 4: Mrudishie ulichosikia

Kwa maneno yako, kwa ufupi: "Nikikuelewa, umeshaamua kutosaini. Kinachokusumbua ni namna ya kumwambia. Ndivyo?" Akisema "sivyo kabisa," furahi, maana umeokoa saa nzima ya kushauri jambo lingine. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Uliza amekwisha jaribu nini

Pia uliza yeye mwenyewe anafikiria nini. Mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya jambo amelichungulia kila upande kabla ya kuja kwako, na wazo lako la kwanza yeye alilipita siku ya kwanza. Ukimpa akalipinga, akapinga na la pili, utaanza kumwona mkaidi kumbe anakujulisha tu alikotoka. Muulize, "Umefikiria njia zipi? Ipi ulikuwa karibu kuichukua, na kitu gani kikakuzuia?"

Mara nyingine mazungumzo huishia hapa. Anajisikia akilisema jibu lake kwa mdomo wake, anashusha pumzi, anasema "basi, nimeelewa." Mwache aende nalo. Usiongeze la kwako ili uonekane nawe umechangia.

Hatua ya 6: Omba ruhusa ya kusema lako

"Nina mawazo mawili matatu. Nikuambie?" Sekunde mbili tu. Karibu kila mtu atasema ndiyo, na ile ndiyo inamgeuza kutoka mtu anayeambiwa kuwa mtu aliyeomba kusikia.

Nadharia ni fupi: mwaka 1966 mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unanyang'anywa, huvutwa kuurudisha, hata kwa kufanya lilelile alilokatazwa. Kwa hiyo maneno kama "lazima," "usithubutu," na "sikiliza nikwambie" humsogeza mtu mbali na unakotaka aende. Ukimshauri kijana dhidi ya mchumba wake kwa maneno makali, usishangae harusi ikisogezwa mbele.

Wataalamu wanaosaidia watu kuacha pombe na sigara hutumia mpangilio huohuo. William Miller na Stephen Rollnick, waliotengeneza njia ya mahojiano ya kuhamasisha, huufundisha hivi: uliza anachojua, mpe taarifa kwa ruhusa yake, kisha muulize ameipokeaje. Uliza, eleza, uliza tena. Ukisahau yote mengine katika ukurasa huu, shika hayo matatu.

Hatua ya 7: Toa ushauri, mdogo na wenye mizani

Kwanza tenganisha unachojua na unachodhani, na vyote viwili uvitenge na kilichokupata wewe. Msikilizaji hawezi kujua kipi ni kipi usipomwambia:

"Ninachojua ni kwamba mdhamini anaweza kudaiwa deni. Ninachodhani, ila sina hakika, ni kwamba kaka yako ataumia kwa muda kisha atakuelewa. Na mimi niliwahi kumkatalia ndugu, tukakaa miezi bila kuongea. Kwako huenda ikawa tofauti."

Ukisema hivyo atajua alitegemee lipi na alichukue lipi kwa tahadhari. Ukichanganya vyote kwa sauti moja ya uhakika, atayabeba madhanio yako kana kwamba ni sheria.

Pili, jihadhari na "mimi ningekuwa wewe." Ukijiweka mahali pake, unahamia na pochi yako, na ujasiri wako, na kaka zako wewe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Badala yake sema: "Kwa yale uliyoniambia kuhusu ada na kuhusu kaka yako, naona hivi."

Tatu, mpe njia zaidi ya moja na gharama ya kila njia. Katika mfano wetu anaweza kukataa kabisa, na gharama yake ni ubaridi wa muda, pengine mrefu. Anaweza kukataa dhamana lakini akampa kaka kiasi ambacho hata kisiporudi hakitamwangusha. Gharama yake ni fedha hizo, na uwezekano wa kuambiwa ni kidogo. Anaweza kukubali kwa masharti: asome hati zote za mkopo, dhamana iwe na kikomo kilichoandikwa, na mwanasheria azipitie kabla ya saini. Hapo gharama ni kwamba hatari inabaki, hata ikipungua. Na ipo njia ya kutofanya lolote hadi Ijumaa ipite, ambayo nayo ni uamuzi na ina bei yake. Njia mbili hadi nne zinatosha. Ukimpa kumi, umemwongezea mzigo.

Nne, hakikisha ameelewa ulichosema kama ulivyokielewa wewe. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwaomba watu wagonge kwa vidole mezani midundo ya nyimbo zinazojulikana, wengine wakisikiliza na kubahatisha. Waliogonga walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani mwake. Msikilizaji anasikia ngo ngo ngo. Ndivyo ilivyo unapomwambia mtu "wewe ongea naye tu vizuri." Kichwani mwako kuna sauti na maneno na wakati unaofaa. Yeye amepata sentensi tupu. Muombe akuonyeshe: "Hebu niambie utakavyoanza kumwambia kaka."

Hapo ndipo mnatengeneza maneno pamoja. Kwa mfano: "Kaka, uliyonifanyia sijayasahau na sitayasahau. Dhamana siwezi, maana mambo yakienda kombo watakaokosa ada ni hawa watoto wetu. Ninachoweza ni hiki." Maneno kama hayo yanamsaidia kuliko kurasa tano za busara.

Hatua ya 8: Lijaribu kabla ya kulifuata

Mtafiti Gary Klein alieleza mwaka 2007 zoezi linalofaa sana hapa. Usiulize "je, kuna hatari?" Sema: "Tuseme mwaka umepita na uamuzi huu umeharibika vibaya. Kimetokea nini?" Akili ikiambiwa jambo limekwisha haribika, hutaja sababu ambazo isingezitaja ikiombwa tu kukisia.

Kisha ulizeni: jambo hili likishafanyika linarudika? Kinachorudika, kama kujaribu kozi mpya au kuomba likizo, kinaweza kuamuliwa upesi na kurekebishwa njiani. Kisichorudika kirahisi, kama saini ya dhamana, kuacha kazi, kuuza nyumba, au ujumbe wa hasira kwa mzazi, kinastahili kulaliwa usiku mmoja hata kama mnaona jibu liko wazi.

Hatua ya 9: Mrudishie uamuzi, na hatua moja ya kwanza

Sema kwa mdomo kwamba uamuzi ni wake. Wengine hukujia wakitumaini utawabebea, ili mambo yakiharibika wawe na wa kumlaumu, na wewe usipoliweka wazi utajikuta umeubeba. "Nimekueleza ninavyoona. Wewe ndiye unayemjua kaka yako na ndiye utakayeishi na matokeo. Unaelekea wapi?"

Akishaelekea upande mmoja, msaidie kupata hatua ya kwanza yenye wakati na tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kwa hiyo badala ya "nitaongea na kaka," iwe "kaka akipiga simu Alhamisi jioni, nitatoka nje, nitamwambia yale maneno, kisha nitamsikiliza bila kujibizana."

Hatua ya 10: Nyamaza, tunza, fuatilia

Ukishasema, usirudie. Ushauri uleule mara ya tatu ni shinikizo. Usiyatoe nje uliyoambiwa, hata kwa mwenza wako, hata bila kutaja jina, kwa maana mtu hutambulika kwa kisa chake. Ukihitaji kumshirikisha mwingine, omba ruhusa kwanza. Kisha siku ikipita muulize, "Vipi, iliendaje?" na si "Ulifanya nilivyokwambia?" La kwanza ni kumjali, la pili ni kumkagua.

Kumshauri asiyekuomba

Mara nyingi, usimshauri. Jipime kwa mambo mawili: je, kuna madhara makubwa yanayokaribia, na je, wewe una taarifa ambayo yeye hana? Vyote viwili vikiwepo, sema mara moja, faraghani, kwa ufupi, kisha mwachie: "Kuna jambo nimeliona linanitia wasiwasi. Uko tayari nikwambie?" Akisema hapana, heshimu. Mlango umeubakiza wazi.

Anapokuwa mkubwa wako kwa umri au kwa kazi, anza na kile anachotaka kukifanikisha, kisha mletee taarifa na usimletee hukumu. "Baba, najua unataka nyumba ikamilike mapema. Kuna kifungu nimekiona kwenye mkataba wa fundi, naomba nikuonyeshe." Au kwa bosi: "Kabla ripoti haijatumwa, kuna takwimu moja naomba tuiangalie pamoja." Usimsahihishe mbele ya wengine, na usijifanye hujui ili kumfurahisha, watu wazima huutambua uigizaji huo na hupunguza imani. Mpe nafasi ya kufikia hitimisho mwenyewe na wakati wa kulitafakari bila wewe kusimama mlangoni ukisubiri jibu.

Mambo yakikwama

*Hakufuata ushauri wako.* Hilo ni la kawaida kuliko unavyodhani. Utafiti wa Ilan Yaniv na Eli Kleinberger wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watu huyapa maoni yao wenyewe uzito kuliko ya mshauri, hata pale ambapo ya mshauri yangewasaidia kukisia vizuri zaidi. Sababu moja ni kwamba mtu anazijua sababu zake mwenyewe, zako hazijui. Wakati mwingine eleza sababu, usitoe jibu peke yake. Na matokeo yakiwa mabaya, usimsimange. "Nilikwambia!" ni neno litakalomfanya asirudi tena, hata siku atakapokuwa na hatari kubwa zaidi.

*Alifuata, na mambo yakaharibika.* Nenda kwake, usimkwepe. Msaidie kwa kilichopo sasa kabla ya kuchambua yaliyopita. Kama kulikuwa na jambo ulilolieleza kwa uhakika kuliko ulivyostahili, litaje na umwombe radhi kwa hilo. Uamuzi mzuri unaweza kuzaa matokeo mabaya kwa bahati tu, na huo si wakati wa kumhubiria tofauti hiyo.

*Anarudi kila wiki na jambo lilelile.* Huenda anachohitaji ni kusikilizwa, na hatua ya 1 mliiruka. Au anaogopa hatua ya kwanza kwa kuwa ni kubwa mno, ipunguzeni. Kama amekosa kujiamini, mgeuzie kibao: muulize angemshauri nini mtu mwingine mwenye tatizo kama lake. Mwaka 2019 Lauren Eskreis-Winkler na wenzake walichapisha utafiti wa karibu wanafunzi 2,000 wa sekondari nchini Marekani. Walioombwa kuwashauri wanafunzi wadogo kuliko wao kuhusu masomo walipata wao wenyewe alama bora zaidi kuliko wale ambao hawakuombwa. Na kama baada ya hayo bado anazunguka palepale huku nguvu zako zikiisha, mwambie kwa upole kwamba umefika mwisho wa uwezo wako na mtafute pamoja mtu mwingine.

*Anaanza kulia.* Usimkimbize kunyamaza kwa "usilie, yatakwisha." Kaa. Msogezee kitambaa ikiwa kipo. Mtu anayelia hasikii njia tatu na gharama zake, kwa hiyo ushauri usubiri hadi atulie, au hadi siku nyingine.

*Anaitikia "sawa, sawa" kwa kila unalosema.* Hajakubali, anataka mazungumzo yaishe. Acha kusema, uliza: "Nahisi hili halijakukaa sawa. Wapi pamekwama?"

*Amewauliza watu sita na amechanganyikiwa.* Usiwe wa saba. Msaidie kupanga aliyoyasikia: nani alijua nini kwa hakika, nani alikuwa na maslahi, na nani alimuuliza maswali kabla ya kujibu.

*Unawafahamu pande zote mbili za ugomvi.* Mwambie kila mmoja kwamba mwingine naye huongea nawe. Usibebe maneno kutoka huku kwenda kule, hata yale mazuri, maana yakifika yatakuwa yamebadilika. Wakitaka kukutana, kubali kukaa nao, ukiwa mtu wa kuhakikisha kila mmoja anamaliza kusema.

*Hujui kabisa la kusema.* Sema hivyohivyo: "Hili silijui, na sitaki kukupoteza." Kisha muulize kama angependa ukae naye wakati anaandika maswali ya kwenda kumuuliza anayejua, au umsindikize siku ya kwenda.